Farasi 400 na Klipu Moja

Gari la barabarani lililoongezwa nguvu kwa tabo ni chombo ambacho, kwa maelezo ya mwenyewe, hutoka Nairobi kikafika Naivasha kabla chai haijapoa, na ambacho, kwa ushahidi wa majirani, hakijaondoka chini ya mti wa jakaranda tangu mvua za masika. Kauli hizo mbili hazipingani, kwa kuwa mwenye gari huzungumzia uwezo na majirani huzungumzia matukio, na insha hii inahusu pengo lililopo kati ya hayo mawili. Mfano utakaotumika ni Subaru Impreza iliyoagizwa kutoka Japani ikiwa imeshatumika, si kwa nia ya kuionea, bali kwa sababu gari hilo lina wafuasi jijini Nairobi ambao imani yao haitetereki, na ambao wakiulizwa sababu hutaja Safari Rally, mashindano ambayo Colin McRae aliyashinda kwa Impreza mwaka 1997 na Richard Burns akayashinda kwa gari la ukoo huo huo mwaka 2000. Kwamba madereva hao walifuatwa na helikopta pamoja na kikosi kizima cha mafundi wa kulipwa mshahara ni jambo ambalo wafuasi hawalitilii maanani.

Tabo yenyewe ni feni mbili zilizofungwa kwenye shafti moja fupi, wazo ambalo mhandisi Mswisi Alfred Büchi alilipatia hataza mwaka 1905. Katika injini ya kawaida moshi hutoka ukapotea bure, ilhali katika injini ya tabo moshi huo, ambao joto lake laweza kukaribia nyuzi 900 za sentigredi, hufanyizwa kazi kwanza: huzungusha feni ya upande mmoja kwa kasi inayopita mizunguko 100,000 kwa dakika, na feni ya upande wa pili huvuta hewa ya nje na kuishindilia ndani ya silinda, yaani vile vyumba ambamo petroli huchomwa. Hewa nyingi huruhusu petroli nyingi, petroli nyingi huleta nguvu nyingi, na nguvu nyingi huleta fundi. Jiji la Nairobi liko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi, kwa hiyo mume anayetakiwa kueleza nyumbani kwa nini fedha za mabati zimeishia kwenye tabo ana hoja ya kijiografia ambayo mwenzake wa Mombasa hana.

Wanaodhani kwamba masaibu haya ni ya magari ya mitumba tu wakumbushwe Oldsmobile Jetfire, mojawapo ya magari mawili ya kwanza ya abiria kuuzwa yakiwa na tabo, nchini Marekani, mwaka 1962. Ili injini isijiue, wahandisi waliliwekea gari hilo tangi dogo la maji yaliyochanganywa na methanoli, mchanganyiko ambao ulinyunyizwa kwenye hewa inayoingia ili kuipoza, na kazi pekee aliyoachiwa mnunuzi ilikuwa kulijaza tangi. Wengi hawakulijaza. Tangi likikauka gari lilijipunguzia nguvu, mwenyewe akarudi dukani kulalamika kwamba ameuziwa gari zembe, na mwishowe kampuni ikawa inawaondolea wateja tabo na kuwafungia kabureta ya kawaida.

Ujenzi wa gari la aina hii huanza, karibu bila kukosa, kwenye bomba la moshi, kwa kuwa ndiyo sehemu ambayo mabadiliko yake husikika hata pale yasipoonekana. Bomba la kiwandani huondolewa, pana zaidi hufungwa, na mtaa mzima huarifiwa saa kumi na moja alfajiri kwamba mwenyewe anakwenda kazini. Moshi ukishapata njia pana, tabo hushindilia hewa kupita kiasi ilichopimiwa, na hapo kompyuta ya injini, kile kisanduku kinachoamua petroli imwagwe kiasi gani na cheche ipigwe wakati gani, hulazimika kuandikwa upya. Kompyuta ikiandikwa upya, noza, yaani vifaa vinavyopuliza petroli ndani ya injini, huonekana ndogo. Noza zikibadilishwa, pampu ya petroli huishiwa pumzi. Pampu ikibadilishwa, klachi huanza kuteleza. Na klachi ngumu ikifungwa, giaboksi ya gia 5, ambayo hadi siku hiyo haikuwa na neno na mtu, hutema meno ya gia ya tatu. Mwenye gari huambiwa kwamba dawa ni giaboksi ya gia 6, na akishailipia ndipo anapoambiwa kwamba nayo inadai difu yake ya nyuma na propela yake. Nguvu iliyoongezwa haikai palipoongezwa, bali huzunguka ndani ya gari kama mgeni wa harusi anayewapa watu mkono mmoja baada ya mwingine bila kumruka yeyote, na kila inapofika huacha kitu kimevunjika.

Watengenezaji wa Japani walikuwa na maelewano yasiyoandikwa ya kutotangaza gari lenye nguvu zinazozidi farasi 280, nguvu ya farasi ikiwa kipimo cha kazi ambayo injini huweza kuifanya kwa muda fulani, na maelewano hayo yalifikia kikomo mwaka 2004. Mwenye gari wa Nairobi akiisoma namba hiyo haoni mpaka, anaona tusi. Namba inayotajwa kwenye meza za nyama choma ni 400, na kuuliza ilipimwa na nani, kwa mashine ipi, huhesabiwa kuwa ni kukosa adabu. Wala haifai kuuliza farasi hao watakimbilia wapi, maana sheria ya Kenya huruhusu kilomita 50 kwa saa mjini, na palipokosekana askari wa kuisimamia pamewekwa matuta ambayo bampa iliyoshushwa chini huyasalimu moja moja.

Hata hivyo, utajiri wa elimu hii hauko kwenye ujenzi, uko kwenye kutafuta ugonjwa, na hapa ipo kanuni ambayo wenye magari hawajawahi kuikubali ingawa huithibitisha kila mwezi: gari lililokula mamilioni husimamishwa na kitu kisichozidi bei ya chapati mbili. Na lichukuliwe gari ambalo likikanyagwa hupoteza nguvu ghafla, hutoa moshi mweusi na kuwasha taa ya injini kwenye dashibodi. Mwenyewe, ambaye amesoma sana, hutangaza kwamba tabo imekufa. Tabo hufunguliwa, shafti yake hutikiswa kwa vidole viwili, haichezi, hurudishwa. Huitwa fundi wa umeme, naye huchomeka mashine yake ya kupimia, na mashine humjulisha kwamba mchanganyiko wa hewa na petroli umeharibika, habari ambayo moshi mweusi ulikuwa umeitoa bure. Hununuliwa sensa ya hewa, yaani kifaa kinachohesabu hewa inayoingia, kutoka maduka ya spea ya Kirinyaga Road, na hali hubaki vile vile.

Hununuliwa basi plagi, na hapa inafaa kutua kidogo. Injini ya Subaru ni ya boksa, maana yake silinda zake zimelala ubavuni, mbili kulia na mbili kushoto, kwa hiyo plagi hutazama kuta za chasisi kwa nafasi inayoutosha mkono wa mtoto wa darasa la pili. Fundi hujilaza juu ya bampa, huingiza mkono hadi kiwikoni, hufumba macho kwa kuwa hayana kazi, na kufungua kwa ncha za vidole huku akieleza hali ya siasa. Plagi tatu hutoka kwa amani. Ya nne huondoka na soketi, soketi hudondoka mahali ambapo hata sumaku haifiki, na katika kuitafuta hupotea pia spana namba 10, kifaa ambacho hakuna gereji iliyowahi kukaa nacho hadi jioni.

Hatimaye, na hatimaye hiyo huja fedha zikishaisha, kijana wa kuziba pancha wa jirani huombwa mpira wake wa upepo. Mdomo wa bomba la hewa huzibwa kwa kopo la maziwa ya unga, upepo hutiwa kidogo kidogo, na povu la sabuni ya kufulia hupakwa kwenye kila kiungo, kuanzia tabo hadi kwenye kipoza hewa, ambacho ni rejeta ndogo inayoishusha joto hewa iliyoshindiliwa kabla haijaingia kwenye injini. Chini kabisa, nyuma ya bampa, mahali ambapo hakuna aliyependa kulala kifudifudi, povu huanza kutumbuka. Klipu, ule mkanda wa chuma unaobana mpira kwenye bomba, imelegea. Hewa ambayo sensa ilikwisha kuihesabu ilikuwa ikimwagika njiani, kompyuta ikaendelea kuimwagia petroli hewa isiyofika, na petroli iliyokosa mwenzake ikatoka ikiwa moshi mweusi. Bisibisi huzungushwa mara mbili, gari hupona. Fundi hataji, na si vyema kumlazimisha ataje, kwamba klipu hiyo ilifungwa na yeye mwenyewe siku kipoza kikubwa kilipowekwa. Yakifika malipo, mwenye gari hutaka kulipia klipu na fundi hutaka kulipwa utafutaji, na kila mmoja ana haki yake.

Gari likishapona hupelekwa Mombasa, kwani kilomita zipatazo 480 za barabara kuu ndizo zinazochukuliwa kuwa cheti cha uzima, na safari hii hushindana na fizikia moja kwa moja. Geji ya tabo, saa ndogo iliyobandikwa kwenye nguzo ya kioo cha mbele ili abiria waione, haipimi hewa yote iliyomo bali ile iliyozidi hewa ya nje. Na mgandamizo wa hewa ya nje ni kama baa 0.82 Nairobi na baa 1.01 ufukweni. Geji ikisoma 1.2 Nairobi, injini imepokea jumla ya baa 2.02, na ikisoma 1.2 hiyo hiyo Mombasa imepokea 2.21, nyongeza ya karibu asilimia 9 ambayo hakuna aliyeiomba. Noza ambazo zilikuwa zimefika ukomo huko juu hazina cha kuongeza huku chini, joto la pwani haliiruhusu hewa ipoe, na petroli huanza kulipuka yenyewe kabla moto wa cheche haujaifikia, hali ambayo mafundi huiita kugonga. Mambo huwa mabaya zaidi kwa sababu injini nyingi za tabo za Japani zilipimiwa petroli ya kule yenye okteni ya karibu 100, okteni ikiwa kipimo cha uvumilivu wa petroli inapobanwa, na petroli ya kawaida ya vituo vya Afrika Mashariki haina uvumilivu huo. Pistoni hupasuka kwenye kingo zinazoshika ringi, moshi wa buluu, ambao ni dalili ya mafuta ya injini kuungua, hutanda Mariakani, na gari hupanda tena Nairobi likiwa mgongoni mwa lori, ambako halihitaji tabo.

Kuhusu mafuta ya injini yapo ya kusemwa, ingawa wenye magari hupenda yasisemwe. Mafuta huifikia tabo kupitia bomba jembamba, na katika baadhi ya injini za Subaru za aina ya EJ, bolti inayolishika bomba hilo ina kichujio cha wavu kinachotoshana na ncha ya kidole kidogo. Mafuta yakikaa mno hugeuka tope, tope huziba wavu, na shafti ya tabo, ambayo kwa kawaida huelea juu ya utando wa mafuta bila kugusa chuma, hugusa chuma. Mtu aliyenunua tabo kwa mshahara wa miezi kadhaa huahirisha kubadilisha mafuta kwa sababu mwezi huu ni mgumu. Vumbi la chuma likishaingia kwenye mzunguko wa mafuta hufika kwenye beringi za konrodi, yaani vyuma laini vinavyoitenga mikono ya pistoni na krenki, na ndipo husikika mlio wa ko-ko-ko, wa aibu mwanzoni, unaojitokeza injini ikishapata moto. Fundi huweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na mpini wake sikioni, husikiliza kwa muda, kisha huuliza kama kuna watu wanaolitegemea gari hilo. Mwenyewe huchagua tiba ya kuongeza sauti ya redio, na tiba hiyo hufanya kazi hadi siku injini inaponoki, yaani inapojishika na kukataa kuzunguka.

Injini ya mtumba kutoka Japani hununuliwa, hufungwa, na bolti saba hubaki mezani, ambazo fundi huzieleza kuwa ni za kiwandani na hazina kazi. Baada ya hapo tangazo huandikwa. Tangazo hilo husema injini ni mpya, tabo ni mpya, klachi ni mpya, giaboksi ni mpya, na msomaji makini hutambua kwamba kila kilichotajwa kuwa kipya kilikufa kwanza. Husema pia kwamba gari halina tatizo lolote na kwamba mwenyewe anasafiri. Mnunuzi huja jioni akiwa na fundi wake. Fundi huinama, hunusa, hupitisha kidole ndani ya mdomo wa bomba la moshi, hukitazama, na kutikisa kichwa taratibu, huku mnunuzi, aliyekwisha kuketi kwenye kiti cha dereva, akimuuliza mwenye gari kama bomba hilo halina pana zaidi.