Mjomba wa Kibandani Anajibu: Nani Alimuua Kapteni Alex, na Matatizo Mengine ya Mpakani

Wiki hii barua zote zinahusu filamu moja. Sijui nani alileta homa hii, ila kuanzia kwenye ofisi za serikali pale Amagoro hadi kwenye foleni ya malori Malaba, watu wazima wenye watoto wanabishana juu ya *Who Killed Captain Alex?*, ile filamu ya mapigano iliyotengenezwa Wakaliga, Kampala, mwaka wa 2010. Mjomba huwa anajibu mambo ya mahari, ya wakwe wasioaga na ya ng'ombe waliokopwa wasirudi. Nilitaka nizitie barua hizi jikoni. Kisha nikazisoma vizuri, nikaona nusu yake ni kesi za ndoa.

Mjomba, habari za siku. Mume wangu ni ajenti wa forodha. Mchana anajaza fomu za watu, usiku ananijaza mimi maneno. Tukikaa kuitazama hiyo Captain Alex, kila baada ya dakika mbili anaisimamisha. "Ona bunduki, ni mti ule!" "Ona damu, ni rangi ya chakula!" Filamu ya saa moja na kidogo tunaimaliza saa sita usiku na ugali umeganda. Nifanyeje? — Mke wa Ajenti, Malaba

Pole, mama. Lakini nikikuambia ukweli utanuna: mumeo anaitazama filamu hiyo jinsi inavyotakiwa, ila amekosea kitu kimoja tu.

Wenzetu wa Uganda, ng'ambo ya mto, wana kazi inayoitwa VJ. Mtu anaketi kwenye kibanda cha video na maikrofoni, filamu ya Kichina au ya Kimarekani inaendelea, naye anaitafsiri, anaitania, anamsifu shujaa na kumtukana adui, na akiona watazamaji wamepoa anaongeza chumvi. VJ Jingo amejipatia jina kubwa kwa kazi hiyo, na huku kwetu hakuna abiria wa matatu asiyemjua DJ Afro. Kwenye Captain Alex anayesema ni VJ Emmie, naye hakukaa kando ya filamu. Sauti yake imo ndani, imeshikana nayo. Nakala ya kwanza, ile isiyo na maneno yake, haipo tena duniani. Mtengenezaji wake, Isaac Nabwana, alikuwa anafanya kazi nyumbani kwa kompyuta za kuungaunga na stima ya kupotea ovyo, na mwisho wa yote kilichonusurika ni kile chenye Emmie. Kwa hiyo, dada, hutaipata filamu hiyo bila mwanamume wa kukuongelea sikioni. Kwako wako wawili, basi.

Kosa la mumeo ni kusimamisha picha. Emmie hasimamishi. Anaongea watu wakipigana, anaongea wakifa, anaipigia debe studio yenyewe katikati ya vita, na picha haijasimama hata mara moja. Mwambie mzee aongee atakavyo, lakini rimoti ikae kwako, chini ya leso. Na ugali uliwe kabla.

Mjomba, mimi na shemeji yangu tumewekeana dau la jogoo. Yeye anasema Kapteni Alex aliuawa na Tiger Mafia. Mimi nasema ni mwanajeshi mwenzake. Tumerudia kuitazama, hatuoni. Sema wewe, jogoo anazidi kunenepa. — Kijana wa Amagoro

Filamu haisemi. Nasikia ukiguna, lakini ndivyo ilivyo. Kapteni Alex anatumwa kuliangamiza genge la Tiger Mafia, ndugu wa mkubwa wa genge anakamatwa, na huyo mkubwa, Richard, anaapa kulipa kisasi na kutaka Alex aletwe mbele yake. Badala ya kuletwa, Alex anakutwa ameuawa. Hapo ndugu yake Bruce U anaingia kuutafuta ukweli kwa mateke, Kampala inapigwa mabomu kutoka angani, watu wanakufa kama nzige, na mwishowe nchi inawekwa chini ya amri ya jeshi. Swali lililo kwenye jina la filamu linabaki palepale lilipokuwa.

Wako wasomi watakaokuambia kwamba hilo ni fumbo la kina, kwamba katika nchi zetu muuaji hajulikani kamwe. Linapendeza kulisikia. Mimi naona Nabwana alitaka jina la kukuvuta kibandani, akakuvuta, akakupa mabomu badala ya jibu, na wewe hukudai pesa zako. Mwenye makosa ni nani hapo?

Jogoo achinjwe, aliwe na pande zote mbili, na paja apewe mama mkwe.

Mjomba, mimi ni fundi wa kulehemu, natengeneza milango na kurekebisha chasisi za trela. Nilipoiona helikopta ya kwenye ile filamu machozi yalinitoka. Nataka niunde yangu. Mchumba wangu amesema nichague, helikopta au yeye. — Fundi wa Chuma, Malaba

Fundi, barua yako nimeirudia, maana ndiyo pekee iliyouliza swali la maana. Wenzako wanatafuta siri iliyofichwa ndani ya filamu. Wewe umetazama ukauliza, *hii wameiungaje?* Siri zote za Captain Alex ziko kwenye swali hilo.

Basi sikiliza. Fundi mwenzako wa Wakaliga anaitwa Dauda Bisaso. Ni mtu wa spana na vyuma chakavu, na silaha nyingi unazoziona zimepita mikononi mwake: mbao, mabomba, vipande vya mashine zilizokufa, vikachomelewa na kupakwa rangi mpaka ukiwa mbali unanyoosha mikono juu. Helikopta yenyewe hairuki. Kuruka kumefanywa kwenye kompyuta. Walinunua kitambaa cha kijani, wakakitundika ukutani, mwigizaji akasimama mbele yake akifyatua bunduki isiyo na risasi, na kompyuta ikaweka Kampala nyuma yake, ikaweka moto, ikaweka moshi.

Na kompyuta hizo ni za nani? Nabwana alikuwa mfyatua matofali. Alijiandikisha kozi ya miezi sita ya kutengeneza kompyuta, akaweza kulipa karo ya mwezi mmoja, akatoka na alichokipata, akaanza kuziunga mwenyewe kutoka kwa vipuri vya mitumba. Kuhariri picha alijifundisha. Mwaka wa 2005 akaanzisha Ramon Film Productions. Watu waliosoma sana walitafuta maana ya hilo jina Ramon hadi Hispania. Ni nyanya zake wawili, Rachel na Monica, wameunganishwa majina.

Ukitaka kuona ustadi, iangalie damu. Mwanzoni walitumia damu ya ng'ombe ya buchani, ya bure. Mwigizaji mmoja akaugua ugonjwa wa mifugo kwa ajili hiyo, wakaacha, wakahamia rangi ya chakula. Rangi inatiwa ndani ya kondomu, inafungwa kifuani chini ya shati, inaunganishwa na uzi wa kuvulia samaki. Risasi "ikipigwa", uzi unavutwa, kondomu inapasuka, mtu anaanguka. Hakuna baruti, hakuna mtaalamu wa kutoka nje. Kuna uzi, na mtu wa kuuvuta kwa wakati wake, na huyo ndiye mwenye kazi ngumu kuliko wote: akichelewa, maiti imeshalala chini ndipo damu inaruka. Wakati mwingine utakapotazama, usimtazame anayepigwa risasi. Angalia shati.

Na gharama? Walitangaza kwamba filamu iligharimu chini ya dola 200. Baadaye Nabwana mwenyewe akasema hata huko ni mbali, ilikuwa kama dola 85. Hizo hapa Malaba zinaishia kwenye tairi la trela, na si tairi zima.

Sasa ushauri. Kwanza, ukiunda bunduki ya rasharasha ya mabomba, usivuke nayo mpaka, hata kwa njia ya panya, hata ukiwa na barua ya chifu. Askari wa mpakani hana VJ wa kumweleza kwamba ni mchezo. Pili, usichague kati ya mchumba na helikopta. Mke wa Nabwana, Harriet, yumo ndani ya kazi hiyo pamoja na mumewe. Mwulize wako kama angependa kuigiza. Lakini usimpe nafasi ya kufa dakika ya kwanza. Kuna ndoa zilizovunjika kwa madogo kuliko hayo.

Mjomba, mtoto wangu amerudi shuleni akisema Bruce U ni binamu ya Bruce Lee. Nimchape? — Baba Mlezi, Busia

Usimchape, amekaribia. Bruce Lee alikufa Julai 1973, na kabla maua hayajanyauka wachuuzi wa filamu wa Hong Kong na kwingineko walimwaga sokoni Bruce Li, Bruce Le na Dragon Lee, kila mmoja akijifanya ndiye. Bruce U wa Wakaliga, anayeigizwa na Bukenya Charles, ni wa ukoo huo wa majina ya kuazima, ila huyu hamdanganyi mtu. Mpe mtoto chai.

Mjomba, niko likizoni kutoka chuoni. Nimegundua kwamba katika Captain Alex kuna sauti ya filimbi inayopiga "Kiss from a Rose" wa Seal. Wimbo huo ulitumika kwenye filamu ya Batman Forever ya 1995. Kwa hiyo Kapteni Alex ni Batman. Nimeshaandika kurasa arobaini. Baba anasema nikalime. — Msomi, karibu na Amagoro

Msomi, wimbo upo kweli, na ni filimbi kweli, na umeusikia mwenyewe bila kuambiwa; hapo nakupa maksi. Lakini kutoka filimbi hadi Batman umeruka mto bila daraja. Batman hafi mapema akaacha watu wakihangaika na filamu yake. Mtu aliyetengeneza filamu kwa pesa za tairi hakukaa mezani akachagua wimbo kwa ajili ya maana yake. Alihitaji huzuni, filimbi ikawa karibu.

Nikuelekeze mahali pa kuchimba. Nabwana alikulia Kampala enzi za Idi Amin, na utotoni hakuwa akiingia sinema. Aliyeingia ni kaka yake mkubwa. Kaka akirudi jioni anasimulia: nani alimpiga nani, gari lilipinduka vipi, bunduki ililia namna gani. Mdogo mtu anasikiliza, anajitengenezea picha kichwani. Filamu nyingi za mapigano zilizomjenga Nabwana aliziona kwanza kwa mdomo wa mtu mwingine. Sasa irudie Captain Alex ukijua hivyo. Kila mtu anakufa kwa namna ya kupita kiasi, hakuna risasi inayokosa, gari halipiti bila kulipuka. Hivyo ndivyo mtoto wa miaka kumi anavyosimulia filamu kwa mdogo wake aliyebaki nyumbani. Na juu ya hayo yote anapanda Emmie, msimulizi mwingine. Ukiandika kurasa kumi juu ya hilo, nitazisoma zote.

Kuna jambo jingine la kukutia moyo. Kionjo cha filamu hiyo kiliwekwa YouTube Januari 2010. Desemba 2011 Mmarekani mmoja wa New York, Alan Hofmanis, akakiona, na muda si mrefu akapanda ndege hadi Uganda kumtafuta mwenyewe. Alibaki, akawa mshirika wa studio na mzungu wa kupigwa kwenye filamu zake. Wewe uko umbali wa matatu moja na nauli ya kubembeleza, bado unaandika juu ya Batman. Kalime asubuhi kama baba anavyosema, uza mahindi, uende Wakaliga.

Mjomba, nina kaduka ka kuwekea watu filamu kwenye flashi. Captain Alex ndiyo inayonilisha. Juzi mchungaji ameniita mwizi mbele ya wateja. Je, mimi ni mwizi? — Bwana Flashi, stendi ya Malaba

Kwa filamu hiyo moja, hapana sana. Wenyewe waliiweka YouTube nzima, bure, Machi 2015. Mteja wako anakulipa kwa bando na kwa kungojea. Umwambie tu kwamba ni ya bure, uone kama atalipa tena.

Kwa nyingine za Wakaliga, mchungaji yuko sahihi. Waigizaji wale hawakuwa na mshahara. Filamu ikimalizika, walichukua diski wakazunguka mlango kwa mlango, wengine wakiwa na mavazi ya kuigizia, wakauza na kugawana kilichopatikana. Walikuwa na kama wiki moja tu ya kuuza, kwa sababu baada ya hapo nakala za wajanja zilikuwa zimeshajaa sokoni. Mtu amebeba kondomu ya rangi kifuani, ameanguka kwenye kokoto mara nne kwa siku, kisha akashindana na wewe na waya wako wa USB. Mwaka wa 2019 filamu yao nyingine, *Crazy World*, ilifika tamasha la Toronto, na ndani yake wamewacheka maharamia wa filamu waziwazi. Ukiitazama utajiona.

Anayetaka Captain Alex aifungue kwenye chaneli yao, si kwenye flashi ya Bwana Flashi, na asiruke matangazo, maana hiyo ndiyo senti yao. Barua zinazouliza nani alimuua Kapteni Alex hazitajibiwa tena kwenye safu hii, hata zikiambatana na jogoo.