Faini ya Kwenda kwa Bibi

Mama, nanyi wote mnaosomewa barua hii hapo Rwamishenye, Bukoba, sikilizeni. Anayeisoma kwa sauti naomba asiruke sehemu za fedha.

Shule ya watoto imenijibu. Niliomba wajukuu wako waruhusiwe wiki mbili za Novemba waje nyumbani. Jibu ni hapana, na nikiwachukua hivyohivyo nitatozwa faini. Mmesikia sawasawa: huku Uingereza mzazi anapigwa faini kwa kumpeleka mtoto kwa bibi yake.

Ngoja niwaeleze, maana sheria hii nimeisoma kwa bidii ambayo walimu wangu wa sekondari hawakuwahi kuiona. Tangu Agosti 2024, England nzima ina kiwango kimoja. Mtoto akikosa shule siku tano bila ruhusa ndani ya wiki kumi za masomo, halmashauri inaweza kumwandikia mzazi faini ya pauni 80. Tena hawahesabu kwa familia, wanahesabu kila mzazi kwa kila mtoto. Wazazi wawili, watoto wawili, tayari ni pauni 320, kama milioni moja ya kwetu, na hapo hatujanunua hata tiketi. Siku 21 zikipita hujalipa, kila 80 inakuwa 160. Ukirudia ndani ya miaka mitatu unaanzia 160 moja kwa moja, na mara ya tatu hawahangaiki tena na faini, wanaweza kukupeleka mahakamani. Mama, wewe uliyekuwa unanibakiza nyumbani siku za kuchuma kahawa, hapa wangekuwa wanakujua kwa jina.

Msidhani hakuna aliyebisha. Kuna baba mmoja, Jon Platt, wa Isle of Wight, ambaye tayari alikuwa anaishi kisiwani. Mwaka 2015 alimtoa binti yake shuleni akampeleka Disney World, Florida. Akagoma kulipa faini, akashinda mahakama za chini, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, na Aprili 2017 akashindwa. Majaji walisema kuhudhuria shule ni kuhudhuria kwa kufuata kanuni za shule, basi. Mimi nshomile wenu, msomi niliyeondoka Bukoba nikiaga kama mtu anayekwenda kuwafundisha Waingereza Kiingereza chao, nimepitia hukumu ile nikitafuta mahali panapotaja senene. Hapapo.

Maana tatizo lenyewe ni hilo. Likizo ndefu ya huku ni Agosti, tiketi za ndege zinapopanda bila aibu. Senene wanaanguka Novemba. Katikati kuna likizo ya wiki moja mwishoni mwa Oktoba, ambayo ukiikatia London, Dar, Mwanza na Bukoba, unafika, unasalimia, unafunga begi. Kwenye fomu kuna nafasi ya kueleza "hali ya kipekee". Nikaandika: msimu wa chakula cha asili yetu. Mama watoto alinisihi nisitaje kwamba chakula chenyewe kinaruka. Nikataja, na nikaeleza na namna ya kuwanyonyoa mabawa.

Kwa hiyo ni Agosti. Nilipowatangazia watoto, wakasema sawa, ila wanataka kisiwa cha joto, chenye minazi na mchanga mweupe, kama kile cha kwenye kalenda ya jikoni. Nikapiga hesabu ya Zanzibar. Wanangu wana pasi za Uingereza, kwa hiyo viza ni dola 50 kila mmoja, na tangu Oktoba 2024 mgeni anayeingia Zanzibar analipia bima ya lazima, dola 44 kwa mtu mzima. Mimi mwenye pasi ya Tanzania nitapita kama mwenyeji, huku damu yangu mwenyewe ikipanga foleni ya wageni. Halafu watataka Changuu, kile kisiwa wanachokiita cha gereza, wakawaone kobe. Lile gereza lilijengwa miaka ya 1890 na halikuwahi kufungia wafungwa. Liligeuzwa mahali pa karantini.

Hapo Uhaya wangu ukapanda kichwani. Kisiwa cha gereza si tunacho? Wazee walitusimulia kwamba Musira, kile kisiwa chetu cha ziwani, ndiko watawala walikowatupa wakosaji, na walitupwa kwelikweli. Tena Unguja iko nyuzi sita kusini mwa Ikweta, Bukoba iko moja na kidogo tu. Kwa hesabu ya ramani, Musira ni ya ukanda wa joto kuliko Zanzibar! Yule mtoto mkubwa akaingia mtandaoni, akaona mvua yetu, akauliza kama aje na koti. Nikamwambia alete.

Nesi wa chanjo naye aliuliza kama watoto watagusa maji ya ziwa, kwa sababu ya kichocho. Nikasema baba yao amekulia humo. Akanitazama kwa huruma, akaandika kitu kirefu. Sikumweleza kwamba tukiteremka mjini asubuhi na ukungu ukafunua Musira, tulikuwa hatugeuki hata kuitazama, na kwamba sasa picha yake ndiyo iko kwenye simu yangu, ninaifungua kwenye basi hapa Reading.

Mama, najua tangu meli ya MV Bukoba izame, Mei 1996, hupendi kusikia habari za chombo majini, na sitabishana nawe. Ila naomba kaka ateremke mwalo wa Nyamukazi aniulizie mambo mawili: nauli ya mtumbwi wa injini hadi Musira, kwenda na kurudi, na kama wana maboya ya kuvaa ya saizi ya watoto. Wasipokuwa nayo nitayanunua huku niyabebe. Na senene wa Novemba hii muwakaushe vizuri, muwafiche mbali na shangazi, mniwekee hadi Agosti.