Mtumishi Asiyedai Posho

Wapo waliosifiwa kwa vita, wapo waliosifiwa kwa mabati ya zahanati. Mimi nasifu kopo. Si la maji wala la uji. Ni lile la aluminiamu, lenye mipira miwili kichwani na koki chini, lililobanwa pembeni mwa betri kwenye Hilux ya ofisi yetu ili lidake oili inayopumuliwa na injini. Limenichafulia mashati, limenichelewesha safari, na limefanya watu wanijue kwa harufu kabla sijaingia ukumbini. Nani basi ana haki ya kulisifu kunizidi?

Msifiwa hutajwa kwa ukoo. Injini yoyote, hata iliyotoka kiwandani jana, hupumua. Mafuta yakilipuka juu ya pistoni, moshi kidogo hupenya pembeni mwa ringi ukashuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na kuchanganyika na ukungu wa oili. Ukiufungia humo utajitafutia njia wenyewe: utasukuma sili, utarusha kijiti cha kupimia oili. Zamani watengenezaji hawakujisumbua. Waliweka bomba, wakalielekeza chini, uchafu ukaishia barabarani. Kisha Los Angeles ikaanza kukohoa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mkemia Mholanzi, Arie Haagen-Smit, akaonyesha kwamba ule ukungu wa mji unaowasha macho unapikwa na jua kutokana na moshi wa magari na viwanda, na mwaka 1961 California ikaagiza hewa chafu ya sampu irudishwe ndani ya injini ikaungue humo. Mji ukapata nafuu kidogo. Injini nayo ikaanza kumeza pumzi zake.

Kwa gari la petroli la zamani hilo halikuwa tatizo kubwa, kwa sababu petroli ilinyunyiziwa nyuma ya valvu na kuziosha. Dizeli ya turbo haina bahati hiyo. Ukungu wa oili unapita kwenye turbo, unalala kwenye intakula, halafu unakutana na masizi ya moshi wa ekzozi yanayorudishwa ndani na valvu ya EGR. Vikishikana ni lami, na lami hiyo huziba manifoldi hadi kidole hakipiti. Hapo ndipo kopo linapopewa kazi, katikati ya mpira wa kupumulia na bomba la hewa. Hewa chafu inaingia, inagonga wavu, oili inashika na kudondoka chini, hewa inaendelea na safari yake. Kwa maandishi ni jambo zuri kabisa.

Fadhila zake ndogondogo nazitaja mbiombio. Halili mafuta. Halina taa ya kuwaka kwenye dashibodi usiku wa manane. Wezi wa vioo na taa hawalitaki. Lina upole pia, isipokuwa kwenye barabara ya vumbi, ambako kibano chake hulia mpaka abiria wa nyuma wakauliza tumebeba masufuria ya nani.

Fadhila kuu ni ukweli, na hapa naomba msomaji akae vizuri. Katika ofisi yetu kila chombo kina uongo wake. Saa ya kilomita iliguswa kabla gari halijapanda meli. Daftari la safari linasema gari lilikuwa Kibaha kikazi, huku tairi zina udongo wa shambani kwa mtu. Kopo haliwezi. Fungua koki, kinachotoka ndicho kilichotendeka. Njombe mwezi wa saba litakutolea kitu cha rangi ya chai ya maziwa, kwa sababu mvuke wa maji unashikana na oili kabla injini haijapata moto. Kwenye jua la Dodoma litatoa nyeusi tupu. Likitoa chepesi chenye harufu ya dizeli, usihangaike kumhoji dereva: gari lilisimama saa nzima likinguruma, kiyoyozi kimewashwa, mkubwa yumo kikaoni na hapendi kurudi kwenye kiti cha moto.

Ukweli wa namna hii hauna cheo. Kopo halisubiri kuandikiwa barua ndipo lijibu. Halisemi suala liko kwenye mchakato. Halidai posho ya kikao wala ya kujikimu, na halijawahi kuomba ruhusa ya kwenda kwenye semina ya ukweli Arusha. Lingekuwa mtu, lingeshahamishiwa wilaya ya mbali ili likapumzike. Mimi nilipendekeza, na bado napendekeza, liapishwe. Liketi kwenye kikao cha bajeti, mbele yake kibao cha jina na chupa ya maji kama wajumbe wengine. Ikifika ajenda ya mengineyo, mwenyekiti aweke kikombe, afungue koki, na muhtasari uandike kilichotoka kwa rangi na kwa ujazo. Tungejua mengi kuliko taarifa za robo mwaka zinavyotujulisha, na tungemaliza kabla ya chakula cha mchana, jambo ambalo nadhani ndilo lililoua pendekezo langu.

Wapo wanaolidhalilisha. Fundi aliyelifunga alileta lililo wazi ndani, bila wavu wala ukuta wowote, hewa chafu ikawa inaingia juu na kutokea juu kama ilivyokuja. Nilipomwonyesha akasema, “Hiyo ndogo, bosi,” akatoa waya wa kusugulia masufuria akausokomeza. Waya ule hukatika vipande, na vipande vikivutwa mbele ya safari yao ni mapanga ya turbo. Mpira nao alitia wa maji. Oili ikaulainisha, ukanywea, ukajikunja, injini ikakosa pa kupumulia, sili ya nyuma ikaanza kuvuja. Fundi wa pili alikuwa na dawa ya shilingi elfu tano: chomoa kila kitu, mpira uelekeze chini, barabarani. Dawa ya kabla ya 1961. Kisha kuna dereva mwenzangu, mtu mzima na wajukuu, ambaye kinachodakwa anakirudisha kwenye injini. “Oili ni oili, mdogo wangu.” Ina maji, ina asidi, ina dizeli isiyoungua, lakini ni oili! Mimi yangu nawapa wenye nguzo za uzio wapake. Mchwa hawaisogelei.

Sasa hebu tuseme. Kopo la injini nzima hufunguliwa wakati wa sevisi, likatoa funda mbili tatu. La kwetu likitoka Dar linajaa kabla ya Iringa. Na kopo likijaa halikatai mgeni, linapitisha: oili inanyonywa kwa mkupuo, na dizeli ikionja oili ya sampu yake haihitaji tena mafuta ya tangi. Unazima funguo, haizimi. Mlio unapanda, moshi unafunika barabara, na itaendelea hivyo hadi imalize oili au ijivunje. Ndiyo maana kila safari nasimama Ruaha Mbuyuni, kabla ya kuanza kupanda Kitonga, nalala chini ya boneti na chupa ya maji iliyokatwa, wauza vitunguu wakiniuliza kama nauza.

Ringi zimekwisha. Hakuna siri. Ukifungua kifuniko cha oili gari likinguruma, moshi unakupiga usoni. Kopo limesema, na mimi nimeandika lilichosema. Lakini kufungua injini kunataka dokezo, ukaguzi, bei kutoka gereji tatu, kikao cha manunuzi, na fungu la matengenezo ambalo huwa limekwisha mwezi wa tatu, wakati mwaka wa fedha unaisha Juni 30. Kopo linalipwa kwa masurufu, sahihi moja. Haya ndiyo mapenzi yote ambayo ofisi inayo kwa kopo, na nimechoka kuambiwa ni uhifadhi wa mazingira.

Dokezo langu la kwanza lilirudi na swali kwa wino wa kijani: “Je, kopo halikufungwa?” La pili lilirudi na neno moja: “Liangaliwe.” Likaangaliwa. Wakaja watatu kuliangalia, wakajaza fomu kwamba gari linatembea, wakasaini posho. Gari jipya lilinunuliwa mwaka huohuo, nisiseme uongo. Ni la ngazi nyingine, na Njombe halipelekwi kwa sababu ya barabara.

Mkurugenzi mwenyewe alishuka siku moja hadi kwenye maegesho. Nikafungua koki mbele yake, kikajaa kikombe, kikajaa cha pili. Nilidhani shahidi wangu hatimaye amepata baraza. Mzee akainama, akatazama, akatikisa kichwa kwa furaha. “Kumbe linafanya kazi!” Akapiga picha. Kabla ya wiki kwisha kukatoka waraka kwamba magari yote ya ofisi yafungwe makopo, yakiwemo mawili ambayo yako juu ya matofali na hayana injini.

Nikaandika dokezo la tatu, safari hii nikiambatisha sampuli kwenye chupa, na lugha nikaipunguza makali: Mzee, kwa heshima, tufungue injini kabla haijafunguka yenyewe mlimani. Limerudi juzi, limeidhinishwa. Linunuliwe kopo la ukubwa mara mbili. Afisa ugavi amenipigia leo asubuhi. Yako mekundu na ya bluu, anataka kujua nichukuliwe lipi.