Fikasi ya Ghorofani

Mxiuu! Mimina kahawa kwanza, maana mambo ya wenye sebule yanachosha. Jirani wa ghorofani kanunua fikasi, ile ya majani mapana, magumu, yaliyobanwa kiunoni umbo la fidla. Kaiweka nyuma ya sofa, pazia zito limeshushwa, kiyoyozi kinaipuliza usiku kucha. Majani yameanza kupukutika, mkewe anasema ni kijicho cha majirani. Kijicho! Nani amwonee kijicho mtu anayefagia majani ndani ya nyumba?

Mti ule kwao ni misitu ya joto ya Afrika Magharibi, kuanzia Sierra Leone hadi Kameruni. Ukoo mmoja na mkuyu wetu huu. Mara nyingi mbegu yake huota juu, kwenye panda la mti mwingine, ikilifuata jua, kisha hushusha mizizi hadi ardhini na mti ukapanda mita 12 na kupita. Wewe unaufungia gizani halafu unaulizia mganga?

“Lakini anaumwagilia kila siku, babu.”

Ndiyo hapo sasa! Jani likidondoka, anaongeza kopo. Mizizi inakosa hewa, inaoza, majani yanazidi kudondoka, anaongeza kopo lingine. Si utie kidole kwenye udongo! Ukiwa mkavu hadi pingili ya pili, mwagilia mpaka maji yatokee chini, yaliyobaki kwenye kisahani uyamwage. Udongo mbichi? Ondoka zako. Na vile vyungu vya kung’aa visivyo na tundu, bei ya mbuzi mzima, virudisheni dukani.

Halafu wanauhamahamisha: leo dirishani, kesho karibu na runinga, wageni wakija varandani. Fikasi ikibadilishiwa mwanga ghafla hupukutisha. Yule fikasi Benjamina wa majani madogo ndiye mwenye hasira kabisa.

Vumbi? Kitambaa kibichi, futa juu na chini ya jani, utitiri hujificha kule chini. Ukikata tawi, jihadhari na utomvu mweupe, unawasha. Paka naye asitafune.

Mnacheka. Tazameni basi Benjamina huyu hapa nje, nani amewahi kumpa hata kikombe cha maji? Kaupasua ukuta wa gereji, sasa mizizi inatafuta bomba. Na mwenye gereji naye anaulizia dawa. Yeye anataka ya kuuua.