Nivue Nini Tena, Mwanangu?

Jumamosi nilimvua bibi wa watu bangili zake kwa sabuni ya mche, mbele ya kundi zima la taarab, na mpaka leo sijathubutu kupita mtaa anaokaa.

Kisa ni mlio. Tulikuwa studio, Ng'ambo, hapa Unguja. Kanuni imeshatiwa tuni, udi na fidla mbili ziko tayari, bibi kasimama mbele ya maiki. Kila nikirikodi, baada ya sekunde nne au tano nasikia ta! Kimya. Halafu ta! tena, kama mtu anayepasua chawa kwa kucha. Nikazima feni. Nikazima friji. Nikamwomba mpiga udi avue saa ya mkononi. Mlio upo. Ndipo nikaziona bangili: sita za dhahabu, alizovishwa siku ya harusi yake, mkono ukanenepa nazo zikabaki palepale.

"Bibi, samahani, naona ni hizo."

Akanitazama, hakusema kitu. Tukaenda karoni. Tano zilitoka kwa sabuni na dua. Ya sita ilikatwa kwa koleo la waya, koleo langu mwenyewe, mpiga fidla akiwa kaushika mkono wa bibi kama daktari. Tukarudi. Bibi akaimba mkono mtupu. Ubeti wa kwanza haujafika nusu: ta!

"Nivue nini tena, mwanangu?"

Mpiga kanuni alitoka nje kucheka.

Mlio ulitoka kwenye saa kweli, ila si ya mpiga udi. Kila mtambo wa sauti wa kidijitali una saa ndani yake, kijiwe cha kwatsi kinachotetemeka kwa umeme, ndugu wa kile cha saa ya mkono kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Kwa kukifuata kijiwe hicho, mtambo unaichota sauti mara 44,100 kila sekunde. Namba hiyo nayo ina kisa, na utaniwia radhi, siwezi kuipita bila kukisimulia. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Wajapani walitafuta pa kuhifadhi namba nyingi kiasi hicho, wakaona pa kuziweka ni mikanda ya video. Picha ya video imegawika mistari. Wakatia sampuli 3 katika kila mstari, mistari 245, mara 60 kwa sekunde. Zidisha: 44,100. Sasa chukua video ya Ulaya, sampuli 3, mistari 294, mara 50. Zidisha: 44,100 ileile! CD ilipoingia sokoni 1982 ikairithi, na leo bibi wa Ng'ambo akivuta pumzi, pumzi yake inakatwa kwa hesabu ya mistari ya televisheni. Mimi hili nikilifikiria usiku silali.

Basi, nilikuwa na mitambo miwili: kisanduku cha maiki nane kinachopeleka sauti kwa waya wa mwanga, na kadi ya sauti ya kompyuta inayoipokea. Kila mmoja niliuacha ufuate saa yake. Umewahi kusimama kwenye mstari wa kumwaga zege? Anayekupa karai akikuzidi kasi hata kidogo, lipo moja litakalokuangukia miguuni. Sampuli ikianguka, spika inasema ta!

Utasema sisi saa mbili tumezizoea. Simu inaandika 10:00, sisi twasema saa nne, na hakuna aliyekosa harusi kwa ajili hiyo. (Tunachelewa kwa sababu nyingine.) Lakini tofauti yetu ni saa sita, jana, leo na mwakani. Ya vijiwe viwili haitulii, inakua. Vikipishana kwa sehemu 5 tu katika milioni, sampuli moja inaanguka kila sekunde nne na nusu hivi. Ndiyo ile ta! yangu.

Dawa ni kibonye kimoja: saa ya mtambo mmoja iongoze, mwingine ufuate. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Na taa ilikuwepo! Taa ndogo ya kijani ilipepesa wiki nzima kuniambia kwamba mitambo haijashikana, nami nawaonyesha wageni: tazameni, inacheza na muziki.

Bibi akataka kujua kosa limeandikwaje. Nikamfungulia kitabu cha maelekezo, nikaanza kumtafsiria, ulimi ukakwama. Kitabu kinauita mtambo unaoongoza "bwana", na unaofuata "mtumwa". Lilipokuwa soko la watumwa la Mkunazini, lililofungwa 1873, ni mwendo wa miguu kutoka hapo tulipokaa. Bibi alinyamaza, kisha akauliza: waandishi hao walikosa neno jingine? Nimelitumia neno hilo miaka kumi, nikawafundishia na vijana, wala sikuwahi kulisikia hadi Jumamosi. Hilo halinichekeshi.

Kosa langu jingine la saa ndilo la kuchekesha: wiki iliyotangulia niliipiga kwa kasi ya sampuli 48,000 rekodi ya 44,100, bwana harusi mwenye sauti nzito akasikika kama shemeji yake mdogo.



Bangili tano zimerudi mkononi kwa bibi. Ya sita iko kwa sonara, Darajani, itakuwa tayari Alhamisi, na malipo ni juu yangu.