Namna ya Kuwa Bingwa wa Kasuku Bila Kushuka Garini

Mmefika Seronera, katikati ya Serengeti, na wenzako wanataka simba. Waachie. Simba hata mtoto anamjua, utajitapa naye vipi? Wewe shikilia kasuku wa Fischer, kadogo ka sentimita 15 hivi, mwenyeji wa kaskazini mwa Tanzania.

1. Ning'iniza darubini shingoni. Usiitumie mno, itakuvurugia kofia.

2. Usitafute, sikiliza. Huruka kwa makundi, chinichini, kasi, na kelele kali. Ukizisikia, nyooshea kidole mgunga wowote: "Wale!" Wenzako wakigeuka, ndege wamekwenda zao. Nani atabisha? Kimya kikizidi, taja kwamba huyo Fischer alikuwa daktari Mjerumani.

3. Kwa bahati mbaya wakitua mbele ya watu, hapo lazima ujue kitu. Mwili kijani, uso rangi ya chungwa, mdomo mwekundu, pete nyeupe machoni, na buluu juu ya mkia. Anza na buluu, hata kama hukuiona. Wageni husifia uso, mabingwa husifia kiuno. Ukiulizwa yupi dume, jibu utakalo: kwa macho dume na jike hawatofautiki.

4. Usinunue wa kizimbani ili ujifunzie. Biashara hiyo ndiyo iliyowapunguza porini miaka ya 1980. Tena wa kizimbani haruki akaenda zake, na ndege asiyeondoka atakuumbua.

5. Tarangire ni mtihani. Huko yuko ndugu yake mwenye kichwa cheusi na ukosi wa manjano, mpenda matundu ya mibuyu. Ukiwachanganya, usiombe radhi. Hamishia mazungumzo Naivasha, Kenya. Ndiyo pepo yetu wababaishaji! Aina zote mbili zilifikishwa Kenya na binadamu, zikajikuta porini, zikaoana bila kuuliza ukoo. Watoto wao wana nyuso za kila namna, nyingine zimefifia, nyingine kama zimepakwa masizi. Jina lolote utakalotaja lina nusu ya ukweli. Ukibanwa sana, sema "chotara" kwa sauti ya chini, kama daktari anayetaja ugonjwa.

6. Nje ya hifadhi utakutana na mkulima anayelia kwamba kasuku wanamlia mtama na mahindi. Usimhubirie uzuri wa manyoya. Mpe pole, msikilize, kisha mwulize jioni hulala mti gani. Anaujua vizuri kuliko kitabu chochote. Kesho yake wapeleke wenzako moja kwa moja hadi mti huo, mwambie dereva asimame ghafla, inua mkono, ukunje uso: "Nyamazeni. Nimewasikia."