Muulize Fundi: Mkweche Wako Unaumwa Wapi?

Safu hii hujibu barua za wenye pikipiki kuukuu na vyombo vingine vya moto vilivyokataa kufa, kuanzia Magamba mpaka Mtae, huku Lushoto. Majina ya waandishi tumeyaficha kwa sababu baadhi yao bado wanadaiwa na mafundi.

*Fundi, shikamoo. Nilinunua pikipiki ya mkononi Tanga mjini, ya Kichina, CC 125. Kule ilikuwa inawaka kwa kiki moja. Tangu niilete Shume, asubuhi haiwaki mpaka jua litoke, ikiwaka inatoa moshi mweusi, na nikipakia abiria mmoja kupanda mlima inalia. Nimeshabadilisha plagi, koili na betri. Jirani anasema aliyeniuzia ameifunga. Niipeleke kwa mganga?*
*– Niliyefungiwa, Viti*

Marahaba, mwanangu. Mganga mwache apumzike. Aliyeifunga pikipiki yako ni mlima. Tanga iko usawa wa bahari; Shume iko zaidi ya mita 1,800 juu yake, na huku hewa imepungua kwa kadiri ya moja ya tano. Kabureta haina habari kwamba imehama. Inaendelea kumwaga petroli ileile iliyozoea kumwaga Raskazoni, na petroli ikizidi hewa matokeo yake ndiyo hayo: moshi mweusi, plagi yenye masizi, injini nzito. Koili na betri ulizozitoa zilikuwa na kosa gani?

Anza na chujio la hewa, maana barabara yetu wakati wa kiangazi, malori ya mbao na kabichi yakipita, hutoa vumbi la kutosha kuziba pua ya tembo. Kama ni la sponji, lifue kwa maji ya sabuni, likauke kabisa, lipake oili kidogo na kulikamua. La karatasi halifuliwi. Hapo ndipo ufungue kabureta. Ndani ya pistoni yake kuna sindano yenye klipu, na juu ya sindano kuna mikato. Hamisha klipu mkato mmoja kwenda juu. Sindano itashuka na petroli itapungua. Panda mlima, zima, uchomoe plagi uitazame. Ikiwa kahawia hafifu, funga mkoba wa spana ukanywe chai. Ikiwa bado nyeusi tii, tafuta jeti yenye namba ndogo kuliko iliyomo. Ile ya zamani usiitupe. Siku ukimuuzia mtu wa Tanga, mrudishie, la sivyo kule injini itakosa petroli, ichemke na kuunguza pistoni, halafu na yeye aseme umeifunga.

Kuhusu baridi ya Julai: vuta choki, usiguse resi, piga kiki. Mtu anayepampu resi huku choki imefungwa anailowesha plagi kwa mkono wake mwenyewe. Na wale wanaoweka jiko la mkaa chini ya injini ili ipate joto, nawasihi kwanza wahamishe watoto na ng'ombe.

Jambo la mwisho, petroli ya chupa. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe uisubiri. Petroli safi hupaa na karatasi hubaki kavu; iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa huacha doa la mafuta. Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011 ili kuchanganya kusiwe na faida. Tone la petroli ni bei rahisi kuliko ringi za pistoni, kwa hiyo pima tu.

*Fundi, mume wangu ana Yamaha AG100 aliyoachiwa na marehemu baba yake, bwana shamba. Kila Jumapili anaifungua sebuleni. Kabureta inalala kwenye sufuria yangu ya makande, petroli iko kwenye beseni la kumwogeshea mtoto. Akimaliza kufunga, nati zinabaki. Nikimuuliza, anasema ni za akiba. Nimwambie aiuze?*
*– Mama wa Watatu na Pikipiki, Hambalawei*

Pole sana, mama. Asiiuze. Ila mpe barua hii asome mwenyewe, kuanzia hapa.

Bwana, hongera kwa urithi. AG100 ilitengenezwa kwa ajili ya watu wa mashamba: cheni yake imefunikwa pande zote ili tope lisiifikie, stendi iko kushoto na kulia, na injini ni ya mipigo miwili, isiyo na valvu za tapeti. Ndiyo maana nyingi zilizokuja na mabwana shamba na miradi ya wafadhili bado zinatembea wakati waliozileta wameshastaafu. Haihitaji kufunguliwa kila Jumapili. Chombo kinachofunguliwa kila wiki huharibiwa na spana kabla ya kuharibiwa na barabara: vichwa vya bolti vinalika, gasketi zinachanika, nyuzi za bloku zinakatika.

Inachohitaji ni oili ya 2T kwenye tangi lake dogo, kando na petroli, kwa sababu pampu yake inajichanganyia yenyewe. Ukiona tangi hilo halipungui hata baada ya safari za Lushoto na kurudi, usifurahi kwamba umepata chombo kisichokula oili. Pampu haivuti, na pistoni inakaribia kung'ang'ania kwenye silinda. Usimimine humo oili nzito ya injini za mipigo minne kwa sababu eti ndiyo iliyokuwepo dukani. Giaboksi ina oili yake peke yake, na hiyo ndiyo wengi huisahau. Ikianza kukosa nguvu polepole, mwezi hadi mwezi, huku moshi wa bluu ukiwa wa kawaida, fungua eksozi kabla ya injini. Mipigo miwili hujaza masizi kwenye bomba mpaka moshi ukose pa kutokea. Kwaruza, funga, ondoka.

Sasa sufuria. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hauendi darini, hutambaa sakafuni, ukapita chini ya mlango, ukafika kwenye mafiga ambayo wewe ukiwa sebuleni huyaoni. Vifaa vioshe nje, kwa mafuta ya taa, kwenye dumu ulilolikata mwenyewe. Matundu ya jeti yazibue kwa unyuzi mmoja wa waya wa shaba ya umeme. Waya wa chuma hupanua tundu, na tundu likipanuka jeti ni ya kutupa. Na hizo nati za akiba: chukua trei ya mayai. Kila unachofungua, weka kwenye shimo lake kwa mpangilio, na kabla ya kufungua piga picha kwa simu. Wakati wa kufunga unarudi kutoka shimo la mwisho kwenda la kwanza. Trei ikibaki na kitu, hujamaliza.

Halafu mnunulie mkeo sufuria. Yenye mfuniko.

*Fundi, nimenunua mnadani pikipiki ya matairi manne, kuukuu lakini tamu. Nilitaka ya kutolea kabichi shambani mpaka barabarani. Niliijaza upepo wa kutosha, 32, kwa kijana wa kompresa. Imenipindua mara mbili, na sasa gurudumu la mbele linalia ngururu. Kila duka la spea nikitaja jina lake wananicheka.*
*– Tajiri wa Magurudumu Manne, Manolo*

Tajiri, umejaza nini? Tairi hizo pana huendeshwa kwa upepo mdogo sana, nyingi kati ya PSI 3 na 5. Soma ubavuni mwa tairi au kibandiko kilichopo kwenye madigadi. Tairi ndiyo springi ya chombo hicho. Ukiijaza 32 inakuwa ngumu, inadunda kwenye kila jiwe, na kwenye mteremko wa Manolo kudunda ni kuruka. Kijana wa kompresa hana hatia, geji yake haisomi namba ndogo hivyo. Tumia pampu ya baiskeli na geji ya upepo mdogo, na pima zote nne asubuhi zikiwa za baridi. Zikitofautiana kulia na kushoto, chombo kitavuta upande mmoja na utausingizia usukani.

La pili, kwenye nyingi za zamani ekseli ya nyuma ni moja, nzima, haina difu. Magurudumu mawili ya nyuma yanazunguka kwa mwendo uleule hata kwenye kona, kwa hiyo chombo kinataka kwenda moja kwa moja. Lazima uegemeze mwili ndani ya kona, na ukikatiza mteremko uegemee upande wa juu. Wenzetu walijifunza kwa kuumia. Honda ilitoa chombo cha aina hii chenye magurudumu matatu mwaka 1970. Kilipindua watu kiasi kwamba mwaka 1988 makubaliano na serikali ya Marekani yalikomesha uuzaji wa vipya vya matatu nchini humo. Suzuki ilikuwa imeshaleta cha manne mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1980. Gurudumu la nne linasaidia, lakini halifuti gunia la kabichi ulilolisimamisha wima nyuma yako. Laza mzigo, ufunge chini, na kabichi nyingine zibebwe safari ya pili.

Kuhusu ngururu: acha kutaja jina la chombo dukani. Beringi haina kabila. Itoe, ioshe, usome namba iliyochongwa ubavuni. Ikiwa 6203, basi ni tundu la milimita 17, kipenyo cha nje 40, unene 12, na beringi hiyohiyo imo kwenye pikipiki nyingi unazopishana nazo kila siku, hata kwenye mota za umeme. Sili nayo ina namba tatu: ndani, nje, unene. Nenda dukani na namba, usiende na historia. Ukibadilisha beringi bila sili, maji ya mto unaovuka yataingia tena kabla ya Vuli kuisha. Breki za dramu zikiwa zimekwisha huku viatu vyake havipatikani, vipelekwe vikabandikwe lainingi mpya. Na ukifungua dramu, vumbi lake lifute kwa kitambaa kibichi, usilipulize kwa mdomo. Lainingi za zamani nyingi zina asbesto.

*Cheni yangu inaruka meno nikipakia. Napaka oili chafu kila siku. Nimenunua cheni mpya, bado inaruka. – Lumbesa Mbili, Lukozi*

Umenunua cheni mpya ukaiweka kwenye spoketi zilizochongoka. Cheni na spoketi zake mbili hubadilishwa pamoja, au zitakulana. Oili chafu inashika udongo wetu mwekundu na kuwa msasa. Safisha kwa mafuta ya taa, kausha, paka oili ya gia. Uchezaji uwe kama milimita 25, uupime ukiwa umekaa juu. Na lumbesa ni lumbesa hata ukiifunga kwenye pikipiki. Gunia ulilolishonea kofia linahesabiwa na cheni.

*Nikishuka Mombo nazima injini kuokoa petroli. Kuna ubaya? – Mchumi, Malindi*

Upo. Kutoka Lushoto mpaka Mombo ni kilomita 33 na unashuka kama mita 1,000, kona juu ya kona. Ukizima injini au kuweka nyutro, uzito wote unaubebesha dramu mbili zenye ukubwa wa sahani. Zikichemka, breki unaikanyaga na hakuna kinachotokea. Wajerumani walipotaka kushusha mierezi ya Shume mpaka kwenye reli ya Mkumbara, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, walijenga njia ya kamba ya waya angani. Wewe huna kamba. Weka gia ya pili au ya tatu, injini ikushike, breki uziguseguse na kuziachia zipoe. Ukifika Mombo ukikuta dramu haishikiki kwa mkono, subiri kabla ya kurudi, na kesho yake ufungue uangalie lainingi.

Mnaotaka kuandika, tajeni aina ya chombo, CC zake, kinachosikika na kinachoonekana, kabla hamjaorodhesha spea mlizokwisha kununua. Na tafadhali, futeni mikono kwanza. Barua nyingine za wiki hii zimejaa oili hata jina la kijiji halisomeki, na nati iliyofungashwa ndani ya bahasha kutoka Rangwi, mwenyewe aje aichukue; ni ya ekseli ya nyuma.